Matusi ya Kumpelekea Mustafa

...saa moja na nusu tu, anasema huyu binti mwenye skafu, mabibi na mabwana, safari yetu ya Tabora kwenda Dar es Salaam, kilomita mia saba na ushee, saa moja na nusu, kwangu hapo hata maharage hayajaiva, sasa mimi nitalia saa ngapi, maana kwa treni ningejipangia vizuri, Kigwa ningeanza taratibu, Dodoma ningemwaga yote, Morogoro ningenawa uso na kununua machungwa, Dar ningeshuka mkavu, mtani kamili, kwa sababu Mnyamwezi haendi kwenye msiba wa Mzaramo kuongeza machozi, anakwenda kumtukana marehemu mpaka mjane acheke, lakini Fikiri mwanangu kaniambia, mama, Mzee Mustafa kafariki jana, wanazika leo alasiri, kwa treni utakuta wameshakunja majamvi... Shikamoo mama, mkanda tafadhali, marahaba mwanangu, nimeshafunga, kumbe nimefunga wa jirani, huyu baba mnene wa watu kaninyamazia tu muda wote, Mustafa angeliona hili angelitangaza Temeke nzima, Mustafa aliyekuja kumzika Raymundi wangu, akaingia chumbani, akatoka mbele ya katekista amevaa suruali ya marehemu, imemkomea magotini, akasema, jamani, huyu mfupi kaniachia kaptula, na mimi mjane nimejifunika kanga, sili, sisemi, nikacheka mpaka nikaomba uji, Mungu anisamehe, kicheko kile ndicho kilichonirudisha duniani, na leo Mwanne mkewe kakaa chini kule Temeke, hali, hasemi, ananingoja mimi, nami sina hata tusi moja, nina kwikwi ya machozi tu na asali ya Sikonge niliyoifunga mifuko mitatu, ikivuja Mungu anajua... abiria wetu, tunasubiri ruhusa ya kuruka, haya subirini, subirini sana, nimtukane nini, kwamba alikuwa mchoyo, hakuwa, kwamba alikuwa na sura mbaya, hilo Mwanne analijua kuliko mimi, yeye ndiye alikuwa na maneno, kila akiniona, nyie wapagazi, mzigo wa leo mmeutua wapi, eti kwa kuwa babu zetu walibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka pwani, miezi na miezi, mabega yamechubuka, wakafika wakawakuta Wazaramo wamejilaza kivulini... wamejilaza, ngoja, ngoja kwanza, nitasimama mlangoni, nitavua viatu, nitasema, wee Mustafa, babu zangu walikuja kwa miguu miezi mitatu wakakukuta umelala, leo mimi nimekuja kwa ndege saa moja na nusu, bado nakukuta umelala, basi lala, mvivu wee, tumekuzoea... na Mwanne ataanza kutikisika mabega, namjua, kisha ataomba uji, ah, Mustafa, kwa nini umeniachia kazi hii... ndege bado imesimama palepale, binti wa skafu kaniinamia, mama, unalia au unacheka, vyote viwili mwanangu, niletee maji, muda wenyewe mfupi.