Taarifa ya Mtu Aliyepotea

Sajenti wa kaunta hakuwa amelia tangu ile ajali ya basi aliyokwenda kuopoa majeruhi, na kucheka pia hakucheka. Hiyo ilikuwa wiki ya sita. Alifika kazini mapema, viatu viking'aa, akaandika shida za watu kwa mwandiko wake mzuri, akarudi nyumbani kutazama ukuta. Neno moja alilificha: nimechoka. Aliogopa kwamba akilitamka, wenzake watamwona si askari tena.

Asubuhi hiyo konstebo aliyekaa naye alimsogezea chai, akaendelea kunywa yake. Simu ya Sajenti ikalia mfukoni. Akaipokea bila kutazama.

"Kituo cha polisi. Eleza shida yako."

Ikaja sauti ya mama yake: "Haya, afande. Nimepotelewa na mtu."

Mkono wa Sajenti ulikuwa umeshavuta kitabu. "Jinsia?"

"Mwanamke. Kifungua mimba wangu."

Kalamu ikasimama. "Mama, jamani..."

"Usinikatize, natoa taarifa! Niulize alionekana lini."

Sajenti akashusha pumzi. "Alionekana lini mara ya mwisho?"

"Kabla ya ajali. Jumapili zilikuja nguo zake tu, zikala, zikaaga, zikaondoka."

"Alama ya kumtambua?"

"Akicheka hukoroma kama pikipiki iliyogoma kuwaka."

Konstebo, aliyekuwa akisikia kila neno, akapaliwa, chai ikamtoka puani. Sajenti alipomwona, kicheko kikamponyoka. Krrr! Akakoroma hadi machozi yakamtoka, na machozi yalipopata njia hayakukoma upesi. Konstebo akasogea mbele ya kaunta, akahudumia foleni yote, akimkinga kwa mgongo wake mpana.

Alipokwisha kujifuta uso, Sajenti akaenda kwa mkuu wa kituo, simu bado mkononi.

"Afande, nimechoka. Naomba likizo. Na nikaonane na mshauri nasaha."

Mkuu akavua miwani taratibu. "Hata mimi, dada yangu, nilimwendea mwaka juzi. Alinisaidia sana. Wiki moja itatosha?"

"Mbili!" simu ikapiga kelele.

Mkuu akaipokea kwa mikono miwili. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mwandikie mbili. Halafu uniambie na wewe zako unachukua lini, maana sauti yako nayo haijalala."