Ufunguo wa Choo Shingoni mwa Msimamizi

Mama mmoja, fundi wa kola katika kiwanda cha mashati, alikuwa akijikojolea kazini. Haja ilimjia bila hodi, na akiinuka mbio, ilimtoka njiani. Ufunguo wa choo aliuvaa msimamizi shingoni, na kila anayeutaka alipaswa kumwomba mbele ya watu.

Mwanzoni mama huyo aliacha kunywa maji, hali ikazidi. Muuguzi akamwambia mkojo mzito huchokoza kibofu. Anywe maji kama kawaida, na akibanwa asikimbie: atulie, akaze misuli kama anayekata mkojo, haja ipungue, ndipo aende taratibu.

Siku moja alibanwa. Akasimamisha cherehani, akatulia tuli. Mashati yasiyo na kola yakarundikana mbele yake.

"We mama, umelala?" msimamizi akafoka.

"Nazuia mkojo, baba. Lete ufunguo."

Vyerehani vikanyamaza. Mtu akaangua kicheko.

"Mtu mzima, huna hata aibu!" msimamizi akasema.

"Nilikuwa nayo, nikaikalia na sketi mbichi miaka miwili. Imeniisha. Tundika ufunguo ukutani. Ukikataa, kila nikibanwa nitatangaza hivi hivi, hata mbele ya wateja wako."

Aliinuka, akanyoosha mkono. Msimamizi akauvua, akampa. Mama akatembea polepole hadi chooni, akafika mkavu.

Kesho yake ufunguo ulikuwa ukutani. Yeye alinyang'anywa kola, akapewa vifungo, kazi ya wanagenzi. Alinyang'anywa kiti cha dirishani. Na shoga yake, aliyekuwa akila naye kila mchana, siku hizi anakula na wengine.