Kayaki Zote Nane Zilirudi

Naitwa Thoa, mpishi wa boti la matembezi ya mchana katika Ghuba ya Ha Long. Nilizaliwa kwenye nyumba inayoelea nyuma ya visiwa vya mawe, na nilikuwa na miaka thelathini na minane serikali ilipotuhamishia nchi kavu. Hakuna mengi ya maji yale ninayohitaji kumuuliza mtu. Wageni hupenda kuniuliza mimi, nami, niseme ukweli, hupenda kuulizwa.

Asubuhi ile ya mwezi wa saba, kabla hatujang'oa nanga, mwanamume mmoja alikuja mlangoni pa jiko nikiwa nasafisha ngisi. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, shati jeupe limepigwa pasi vizuri.

"Shikamoo, shangazi. Lile Pango la Koo tutakaloingia kwa kayaki, ni kweli maji yakijaa linazibika?"

"Linazibika kabisa. Leo ni bamvua, maji hupanda kupita siku nyingine. Ikifika saa nane na kitu, hata bata hapiti."

"Na kule ndani hakuna njia nyingine ya kutokea?"

"Ukuta pande zote, kama uko chini ya kisima. Lakini usiogope, saa saba tutakuwa tumeshaondoka."

"Siogopi, shangazi," akasema, akatabasamu, akarudi kukaa.

Aliitwa Trieu. Alikuwa na mkewe Quyen, na baba wa huyo mke, Mzee Khang, mchimba makaa mstaafu kutoka mji jirani wa Cam Pha. Safari ilikuwa zawadi ya Quyen kwa baba yake kutimiza miaka sitini na sita. Mzee alikuwa na kifua kibovu na maneno mengi. Alivuta kiti akakaa karibu na jiko langu, akawa ananichokoza.

"Dada, hao ngisi unaowatwanga hivyo wamekukosea nini?"

"Wameniuliza maswali mengi, kaka."

Akacheka mpaka akakohoa. Quyen alikuja kumpa maji. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye namna ya kumtazama mumewe kabla ya kujibu jambo lolote, hata ukimuuliza kama anataka chai.

Siku yenyewe haikunipendeza. Hakukuwa na upepo hata kidogo. Maji yalilala kama mafuta ndani ya sufuria, na joto lilitubana tangu saa tatu. Nahodha wetu, Duyet, alikuwa akitoka nje kila mara kuangalia mbingu, kisha anarudi kwenye usukani.

Tulifika Pango la Koo saa sita kasorobo. Ni tundu lililo chini ya mlima wa mawe. Unapiga kasia gizani hatua sitini hivi, halafu unatokea kwenye ziwa dogo lililozungukwa na kuta ndefu, zenye mizizi inayoning'inia na kima wanaokaa juu wakikutazama. Bich, binti anayewaongoza wageni wetu, aliwagawia wageni kayaki nane, mitumbwi myepesi ya watu wawili wawili, akawavalisha majaketi ya kuokolea. Mzee Khang alikataa kwenda.

"Nimekaa chini ya ardhi miaka thelathini na mmoja," alimwambia bintiye. "Na nilikuwa nalipwa. Leo niende kwa tiketi?"

Quyen akacheka, akaingia kwenye kayaki mbele, Trieu akakaa nyuma.

Saa saba kasorobo walianza kurudi. Bich alisimama pembeni akihesabu huku akizifunga kamba: moja, mbili, mpaka nane. Duyet akawasha injini, tukaelekea kwenye pango kubwa la ngazi, kituo chetu cha pili, mwendo wa dakika arobaini. Hapo katikati ndipo tunapowalisha wageni.

Nilipeleka mezani chaza wa kuchoma, samaki wa mvuke kwa tangawizi, vibonge vya ngisi, mboga na wali. Kila meza ina watu sita na bakuli sita, na mpishi macho yake huenda kwenye bakuli kwanza. Kwenye meza ya Mzee Khang bakuli moja lilikuwa safi, na vijiti vyake vimelala hapohapo nilipoviweka.

"Quyen yuko wapi?" mzee alikuwa akiuliza.

"Amelala juu, baba," Trieu alisema, akimwekea mzee kipande cha samaki. "Tumbo limemchafuka. Tumwache apumzike."

Mtu akichafukwa tumbo kwenye boti langu, humpikia uji wa mchele. Nikaupika mwepesi, nikatia tangawizi, nikapanda nao ngazi. Juu kwenye kivuli kuna mikeka ya kulalia. Niliona mkoba wa Quyen, kofia yake, na ndala zake zimewekwa pamoja, visigino sawa. Yeye hakuwapo. Nilizunguka upande wa pili. Nikafungua choo cha juu. Nikasimama pale na bakuli la uji linaniunguza vidole, na ndipo lile swali la asubuhi likanirudia neno kwa neno, na jibu langu pia, jinsi nilivyolitoa kwa kujisifu.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Duyet.

"Geuza boti. Kuna mtu tumemwacha Koo."

"Dada Thoa, Bich kahesabu."

"Kahesabu kayaki."

Duyet aliitazama saa ukutani. Ilikuwa saa saba na dakika ishirini. Akaukata usukani mpaka glasi zikateleza mezani.

Trieu alikuwa wa kwanza kusimama. "Kwa nini tunarudi?"

"Mzee," nilimwambia Khang, "binti yako hayuko juu."

"Labda yuko chooni," Trieu akasema.

"Hayuko. Nimeangalia."

Mzee Khang aliweka vijiti vyake chini taratibu. "Alikwambia anakwenda kulala?"

"Ndiyo, baba. Alisema anajisikia vibaya."

"Alikwambia mkiwa wapi?"

Trieu alimsogezea mzee kikombe cha chai. Wanawake wawili wa Hanoi waliokuwa na kayaki ya njano walitazamana, mmoja wao akasema kwa sauti ndogo kwamba wao walimwona kule ndani amesimama juu ya mwamba, mumewe anampiga picha, na walidhani watakuja nyuma.

Tulipofika, maji yalikuwa yameshapanda vibaya. Uwazi wa pango uliobaki ulikuwa mkono mmoja, kutoka kiwiko mpaka ncha ya vidole, labda zaidi kidogo. Duyet hakuweza kuliacha boti kwenye mkondo ule na watu wote wale ndani. Nilishuka kwenye mtumbwi wetu wa mbao tunaouburuta nyuma. Trieu alisogea, akasema yeye ndiye atakayekwenda.

"Wewe kaa hapo," Mzee Khang alimwambia, "Duyet aweze kukuona." Halafu akashuka yeye.

"Kaka, kifua chako."

"Nani atakushikia taa? Twende."

Tuliingia chali, migongo imelala ndani ya mtumbwi, mimi nikisukuma dari kwa viganja. Dari ile imejaa maganda ya chaza, ilinichana ngozi kwa kila hatua. Nyuma yetu mwanga ulikuwa mstari mwembamba. Kila wimbi dogo la boti lilipopita nje, hewa ilibanwa na masikio yakaziba. Nilimsikia mzee anapumua mfupimfupi.

"Niongeleshe, dada. Jambo lolote."

"Sikuzima moto jikoni."

"Basi chakula kitaungua."

"Kimeshaungua."

Akaiweka taa kifuani. "Mwaka wa themanini na saba handaki la mgodi lilituporomokea. Saa kumi na tisa. Tulikuwa watatu, nikatoka mimi. Niliapa sitaingia tena mahali nisipoweza kusimama."

Niliendelea kusukuma.

Tulitokea ziwani. Palikuwa kimya, hata kima walikuwa wameondoka. Quyen alikuwa upande wa mbali, mwamba aliousimamia umeshafunikwa, maji yamemfika kifuani. Alikuwa ameushika mzizi kwa mikono miwili, na mikono ilikuwa inatoka damu. Hakuwa na jaketi. Hakujua kuogelea. Hakupiga kelele alipotuona, wala hakulia.

"Baba," alisema, meno yanagongana, "kwa nini umeingia humu?"

Tulimvuta ndani. Nilimvalisha jaketi, tukarudi kwenye tundu, na hapo nikaona mtumbwi hauwezi tena kupita, kingo zake zilikuwa juu kuliko dari ya tundu. Marehemu baba yangu aliwahi kunionyesha la kufanya. Niliruka majini, nikauinamisha mtumbwi ukajaa maji. Mbao haizami, inashuka tu usawa wa maji kama bata aliyechoka. Wao wawili wakalala ndani ya maji yale, pua juu, nami nikausukuma kwa nyuma nikiogelea.

Katikati tulikwama. Wimbi lilituinua, likatukandamiza dhidi ya mawe, na kwa muda sikuwa na hewa. Nilisikia mzee anasema, "Quyen, miguu juu, sukuma dari kama unapanda ngazi." Walisukuma dari kwa nyayo. Mtumbwi ukakwaruza, ukaachia. Nilipofumbua macho palikuwa na mwanga, na Duyet anapiga honi kama mwendawazimu.

Tulipumzika kidogo tumeshika mtumbwi, kabla boti halijatusogelea. Quyen alianza kusema bila kuulizwa.

"Alikasirika tu. Nilimwambia nimeziona meseji za yule mwanamke. Akasema tuyaache, leo ni siku ya baba. Akaniambia nishuke kwenye mwamba anipige picha. Halafu akaniambia nivue jaketi, linaharibu picha." Alikohoa maji. "Angerudi. Alitaka nikae niwaze, basi. Hakujua kuhusu maji."

Nilimtazama baba yake. Yeye alikuwa ananitazama mimi, na nadhani alikuwa ameshaelewa kuwa kuna kitu nakificha.

"Alijua, mwanangu," nilimwambia. "Aliniuliza leo asubuhi linazibika saa ngapi. Akaniuliza na kama kuna njia nyingine. Mimi ndiye niliyemwambia."

Quyen aliiosha mikono yake yenye damu ndani ya bahari, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayejiandaa kwenda kula.

Trieu alikuwa anatungoja ngazini na taulo. Aliita jina la mkewe, macho yamejaa machozi, na machozi yalikuwa ya kweli, nayakumbuka. Quyen akapita kando yake akaenda kukaa katikati ya wale wanawake wa Hanoi, wakamfunika kwa kitambaa cha meza. Nilimpashia ule uji. Aliula wote.

Kutoka pale mpaka bandarini ni saa moja na nusu. Hatukwenda tena kwenye pango la ngazi, na hakuna mgeni aliyelalamika. Mzee Khang alivuta kiti akakiweka mbele ya Trieu, akakaa, mikono juu ya magoti, nguo zinadondosha maji. Alimtazama tu, safari nzima. Trieu alitazama bahari, akatazama simu, halafu akachukua tunda kwenye sahani, akalimenya vizuri, akalila. Akamenya la pili. Katika mambo yote ya siku ile, hilo ndilo lililonitia baridi.

Polisi, walioitwa na Duyet kwa redio, walikuwa wanatungoja. Trieu alijieleza vizuri sana. Alidhani mkewe amepanda kayaki ya wale wanawake, alidhani amelala juu, alikuwa na haya kusema kwamba wamegombana. Picha ilikuwa kwenye simu yake: Quyen juu ya mwamba, bila jaketi, anatabasamu. Mimi nilieleza la asubuhi. Mwenye boti alinipigia simu jioni ileile kuniuliza kama nina hakika na nilichosikia, maana biashara ni biashara. Nikamwambia nina hakika.

Walimweka ndani siku kumi na moja, wakamwachia. Kuuliza saa ya maji kujaa si kosa, walisema. Jalada bado liko wazi. Quyen alihamia Cam Pha kwa baba yake, akaomba talaka, na Trieu anaipinga mahakamani. Anasema anampenda.

Bich siku hizi anahesabu watu kwa majina, mara mbili, na mimi nahesabu nyuma yake.

Mwezi wa kumi Trieu alikuja. Nilimwona kutoka jikoni, amesimama kwenye foleni ya kupanda boti, shati jeupe. Duyet alishuka akamrudishia nauli yake mkononi. Trieu hakubishana. Alininyooshea mkono kwa mbali, akanipungia kama unavyompungia jamaa, kisha akaenda kukaa kwenye kibanda cha chai. Tuliporudi saa kumi na moja hakuwapo. Mama wa chai aliniambia alikaa mpaka saa tisa, ni mtu wa heshima, ameacha na bahashishi. Alitaka tu kujua yule shangazi mpishi anaishi mtaa gani, ana deni la shukrani kwake.

"Ukamwambia?"

"Si nilidhani ni ndugu yako?"

Nilimpigia Mzee Khang. Alifika nyumbani kabla sijamaliza kupika chakula cha jioni, kwa basi, na kitanda cha kukunja begani na dawa zake za kifua ndani ya mfuko. Akakikunjua barazani, karibu kabisa na mlango, akakijaribu kwa goti kama kitambeba.

"Una chakula, dada?"

"Nina ngisi."

"Basi nitakaa," akasema.

Ni wiki ya tatu sasa. Usingizi wake ni mwepesi. Kila pikipiki ikipunguza mwendo nje uchochoroni, nasikia vyuma vya kitanda kile vinalia, na najua ameketi.