Vyumba vya Moyo wa Chura

Mwalimu Heikkinen alikuwa na mtindo wake ambao hakuna mwalimu mwingine katika mji ule wa theluji aliyethubutu kuuiga. Ukimaliza mtihani wa biolojia, unakabidhi majibu, kisha unapewa muda wote wa chakula cha mchana uandike kwenye kijikaratasi alama unazodhani umepata. Ukilenga barabara, anakuongezea alama tano. Ukikosea hata kwa moja, huambulii kitu. "Namtaka mtu anayejua asichokijua," husema, huku akizifungia kabatini simu na vitabu vya darasa zima.

Kwa Tessa Koskela, tano za siku ile zilikuwa roho yake. Yeye ndiye golikipa wa timu ya wasichana ya hoki ya barafuni, na Ijumaa walikuwa na fainali. Sheria ya shule haina huruma: chini ya sabini kwenye somo lolote, unakaa benchi. Golikipa wa akiba alikuwa msichana mwenye adabu zake, ila akilengewa goli hufumba macho.

"Haya, kipa, tuhesabu maiti," alisema Dorian Maki, akijitupa kwenye kiti cha kantini na pai yake ya nyama mkononi. Dorian mwenyewe alishaandika tisini na nane. Kila mtihani huandika tisini na nane, na hajawahi kuziona hata ndotoni.

Walikuwa wameachiwa karatasi ya maswali: hamsini, kila moja alama mbili. Tessa alikuwa ameyazungushia humo majibu aliyoyachagua. Priscilla LaFave, ambaye hushika namba moja bila hata kutoa jasho, aliyapitia moja moja na penseli.

"Hili sawa. Hili sawa. Hili... Tessa, mama yangu, tangu lini uyoga ukatengeneza chakula kwa mwanga wa jua?"

"Nilikuwa na haraka."

"Haraka ya kwenda wapi? Mlango ulikuwa umefungwa!" Dorian alicheka mpaka makombo yakamruka mdomoni.

Penseli ilipofika mwisho, majibu thelathini na matatu yalikuwa sawa, kumi na sita yameoza. Lilibaki moja walilokuwa wamelirukaruka: moyo wa chura una vyumba vingapi? Tessa alikuwa ameandika vinne.

Akapiga hesabu, jasho likamtoka. Kama ni vinne, ana sitini na nane. Kama sivyo, ana sitini na sita. Vyovyote vile hafiki sabini bila zile tano, na zile tano hazipati bila kujua habari za chura.

"Vinne," alisema Dorian. "Hata mimi nimeandika vinne. Moyo ni moyo, bwana. Chura naye ana mapenzi yake."

"Mimi nadhani vitatu," alisema Priscilla, "ila msinishike shati. Siku mliyopasua vyura nilikuwa kitandani na homa."

"Umesikia? Anadhani! Kipa, andika sitini na nane twende zetu. Unataka kujitabiria mabaya?"

Ilikuwa rahisi kumsikiliza Dorian. Jibu lake lilikuwa tamu, tena lilimfanya Tessa awe amepatia. Alishaandika ile sita ya kwanza, akasita.

"Siku ile ya vyura," alisema taratibu, "wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo."

"Ulikuwa sakafuni, Dorian. Umekuwa mweupe kama maziwa, Mwalimu anakupepea na daftari."

"Nilikuwa napumzika!"

"Mimi ndiye niliyeshika kisu." Tessa akafumba macho. Akauona tena ule moyo mdogo: juu kulikuwa na vifuko viwili vyembamba. Chini kulikuwa na kimoja kinene, akakipasua katikati akitafuta ukuta wa kukigawa viwili, maana alijua lazima uwepo. Alitafuta na koleo, akatafuta na kioo cha kukuzia. Hapakuwa na ukuta. "Vitatu. Nimeviona kwa macho yangu, halafu leo kwa woga nikaandika vinne vya binadamu."

"Kwa hiyo unajinyang'anya alama mbili kwa mkono wako mwenyewe?" Dorian hakuamini. "Dada, wewe ni mgonjwa."

Tessa akaandika sitini na sita, akakunja kijikaratasi kabla mkono haujaghairi.

Kengele ilipolia, Mwalimu Heikkinen alikuwa tayari kwenye mashine yake ya kusahihishia. Aliingiza karatasi ya Tessa. Mashine ikanguruma, ikaitema. Mwalimu akaangalia namba, akakunjua kijikaratasi, akavua miwani.

"Sitini na sita," alisema. "Na umeandika sitini na sita. Kwa hiyo sabini na moja."

Tessa alipiga yowe lililomtoa mwalimu wa hesabu darasa la jirani. Akamkumbatia Priscilla, akamkumbatia Dorian, nusura amkumbatie na Mwalimu.

"Koskela," alisema Mwalimu Heikkinen, "miaka ishirini na mbili nafundisha, sijaona mtu akishangilia kufeli namna hii."

"Sijafeli, Mwalimu!" alijibu, tayari yuko mlangoni na begi begani. "Nimefeli kwa usahihi!"

Na nyuma yake akamsikia Dorian akiuliza kwa unyenyekevu mkubwa kama vijikaratasi bado vinaweza kubadilishwa.