Mkanda wa Baba Mkwe

Kuna mambo mawili ambayo kijana wa Magamba hathubutu kuyafanya: kumwamkia mzee huku anatafuna, na kumshika mkwe kiunoni. Hilo la pili hata halikatazwi, maana hakuna aliyewahi kudhani kuna mwendawazimu wa kulijaribu.

Anord alitakiwa kulifanya asubuhi kweupe, mbele ya watu.

Mkaratusi ulikuwa umeinamia paa la zahanati, na wa kuupanda kuupunguza matawi alikuwa Mzee Timotheo, baba yake Glory, binti ambaye Anord alitaka kumwoa. Jumapili wazee wa kina Anord wangepeleka posa kwake. Kanuni ya kazi ilikuwa moja: mpandaji ajikague, kisha mwenzake aivute kwa nguvu kamba iliyofungwa kwenye mkanda wa usalama kiunoni, kuona kama imeshika. Mwenzake, kwa mapenzi ya Mungu na msimamizi, alikuwa Anord.

"Shikamoo, baba. Naomba nikukague."

"Marahaba. Unikague? Mimi ng'ombe wa mnadani?"

"Ni kanuni, baba."

"Nimeshajikagua. Miti nilianza kupanda mama yako angali anabebwa mgongoni."

Saumu, mfanyakazi mwenzao aliyeshika ngazi, akakohoa. "We Anord, mwache mkweo. Posa ikirudishwa usije kulia kwangu."

Anord akawaza. Akivuta, huenda akamkosa Glory. Asipovuta, huenda Glory akamkosa baba. Akafumba macho kwa heshima, akapeleka mkono kama mtu anayeiba yai chini ya kuku mkali, akavuta.

Traaa!

Mkanda wa usalama ulibaki imara juu ya koti zito la mzee. Kulabu ya kamba, ambayo ingepaswa kushika pete ya mkanda huo, ilikuwa imepenya chini ya koti na kunasa kitanzi cha suruali. Suruali sasa ilikuwa imeshuka hadi kwenye buti.

Kundi zima likageuka kutazama ukungu, ambao ghafla ulipendeza mno.

"Umeona nini?" mzee aliuliza.

"Nimefumba macho, baba."

Mzee akautazama mkaratusi hadi kileleni, kisha saruji iliyokuwa chini yake. Akapandisha suruali, akaifunga kwa kipande cha katani, akaihamishia kulabu kwenye pete, akaivuta mwenyewe. Halafu akampa Anord mgongo.

"Vuta."

"Baba, sasa hivi nimeiona, imeshi—"

"Vuta, nimesema! Nikianguka, hiyo posa yenu ataipokea nani?"

Anord akavuta kwa mikono miwili.