Upele wa Fundi Rangi

Dada mtu alikuwa na duka la dawa, na mwenye duka la dawa haombi ruhusa kumtibu mdogo wake. Mtaa mzima ulikuwa umemdekeza hivyo.

Mdogo wake, fundi rangi, alikuwa na saratani ya ngozi iliyoanzia unyayoni ikapanda hadi mapafuni. Dawa zote ziligonga mwamba. Likabaki jaribio moja la tiba mpya: madaktari walimtoa damu, wakachambua chembe za kinga, askari wa mwili wake, wakawafunza maabarani kuitambua saratani, kisha wakamrudishia kwa dripu. Akiba ya pili ya askari hao haikuwepo.

"Jeshi la kukodi," fundi alitania, "halafu jeshi lenyewe ni mimi!" Muuguzi alicheka mpaka akashika ukuta.

Daktari alisisitiza jambo moja tu: likitokea lolote, hata chunusi, aambiwe yeye kwanza.

Wiki iliyofuata mgongo wa fundi ukawaka upele. Akamnong'oneza dada yake, "Wakiuona watanitoa kwenye jaribio. Nisitiri, dada."

Jamani, dada gani angekataa? Upele! Kitu anachokitibu kila asubuhi kabla hata ya chai. Akamletea vidonge vya kuzima mzio, vile vikali. Upele ukanywea, mgonjwa akalala usingizi mnono, na dada mtu akatembea koridoni kifua mbele.

Kisha majibu ya vipimo yakaja. Askari walikuwa wamekwisha, saratani imenenepa. Daktari alimwita dada ofisini.

"Hakutoka hata upele?"

"Ulitoka. Nikauzima kwa vidonge."

Daktari akakaa. "Mama, upele ule ndio tuliokuwa tunausubiri. Saratani hii huzaliwa kwenye chembe za rangi ya ngozi. Askari wakianza kuishambulia ngozi, tunajua wameamka. Vidonge vyako huzima kinga ya mwili; vimewaua."

Hakumfokea. Afadhali angemfokea.

Dada alirudi wodini, hajui aanzie wapi. Fundi alikuwa amekaa kitandani, mgongo wazi, anatabasamu.

"Gusa, dada, umekuwa laini! Hata huyu mwenzangu wa jaribio kaanza kujikuna tangu jana, maskini. Nimempa vile vilivyobaki."

Kwenye kitanda cha pili, jirani alikuwa ameshika glasi ya maji, kidonge ki mdomoni.

"Tema!" dada alipiga ukelele, akamrukia. "Tema hicho! Vimemuua mdogo wangu!"