Mikunjo ya Bega la Kulia

Alhamisi, tarehe 12 Juni. Asubuhi kulikuwa na manyunyu na kibaridi, na mwanga wa dirishani haukutosha hata kutunga uzi. Nilimwomba Mungu anishike mkono, kisha nikakata kitambaa cha gauni la harusi la mdogo wangu.

Bega lake la kushoto limeshuka tangu azaliwe. Siku zote hulifunika kwa mtandio, na alishaniambia, "Dada, bila mtandio sisimami mbele ya watu. Hata siku hiyo." Basi nikabuni mikunjo minene ya kulipandisha bega hilo. Nimeanza kusoma ushonaji ukubwani, darasa la jioni, na hakuna kazi niliyoiombea kama hiyo.

Sisi huchora kwa chaki upande wa ndani wa kitambaa, kwa hiyo karatasi ya kipande cha bega moja lazima igeuzwe kwanza, la sivyo kushoto hutokea kulia. Sikuigeuza. Jioni darasani, nilipomvalisha mdogo wangu gauni likiwa bado na pini, mikunjo yote ilikaa kulia. Na kitambaa kilikuwa kimekwisha.

"Hongera, mwanafunzi bora!" alisema, akicheka huku machozi yakimlengalenga. "Bega lililo zima umelivisha, langu umeliacha uchi."

Mwalimu wetu alisogea, akamzunguka. Akaichukua ile mikunjo begani kulia, akaishusha mshazari kifuani hadi kiunoni kushoto, akaibana kwa pini.

"Jicho ni mgeni," alisema. "Ukilifungulia mlango, halichungulii dirishani. Haya, bibi harusi, jitazame."

Mdogo wangu alisimama mbele ya kioo muda mrefu. Gauni liliinama pale pale alipoinama yeye, kama vile bega lake ndilo lililochorwa kwanza.

"Dada," alisema polepole, "kumbe nguo ndiyo imenifuata mimi."

"Mshukuru Mungu na mwalimu. Mimi nilikuwa na haraka tu."

"Nawe pia nakushukuru, mkosaji wangu."

Jumamosi, mlangoni mwa kanisa, alivua mtandio akanitupia. "Nishikie, dada. Leo sisikii baridi."

Nilikaa nao mapajani, nikishukuru kimoyomoyo, hadi mchungaji alipomgeukia. Mdogo wangu alimtazama bwana harusi, akapaza sauti hata waliokaa nyuma wakasikia:

"Mbele ya Mungu na mbele ya watu wote hawa, naahidi kusimama nawe hivi nilivyo, katika raha na shida, wala sitajificha tena."